Ile Kitu Ilifika Kwako?

Fizi, 24 Agosti 1952

Kwa mudogo wangu Florentine,

Nakusalimia sana, na Useni bwana yako naye. Sisi tuko wazima. Usishtuke kuona mwandiko wangu nyuma ya muda murefu hivi. Hakuna muntu amekufa. Naandika juu Mama amenituma.

Ndiyo, Mama. Soma tena ule mustari kama unataka. Hata mi nilimuomba arudilie mbele nishike kalamu.

Juma iliyopita, jua lilikuwa limeisha kushuka nyuma ya milima, lakini mwangaza wa kuona njia ulikuwa bado. Mama alikuwa inje anaanua muhogo, mi nilikuwa jikoni. Nikasikia batoto ba jirani banapiga kelele, si kelele ya kupigwa, ni ya kushangaa. Nikatoka. Pale juu, upande wa milima ya Itombwe, kulikuwa kitu. Kilikuwa cha muviringo sawa sahani imefunikwa, pembeni nyekundu sawa makaa, katikati nyeupe. Haikuwa nyota, nyota haitembei vile. Haikuwa ndege ya bazungu, ndege inanguruma. Hii haikutoa sauti hata kidogo. Ilipita juu ya misioni, juu ya bureau ya serikali, pole pole sawa mugeni anatafuta nyumba ya kufikia, kisha ikashuka upande wa ziwa, upande wenu, milima ikaificha.

Kila muntu alifanya yake. Katekista alipiga kengele. Bamama balifunika batoto na bitenge. Placide bwana yangu, karani muzima wa bureau, aliingia chini ya meza, na mpaka leo anasema alikuwa anatafuta viatu. Mama yeye hakukimbia. Alisimama na kikapo ya muhogo ku mikono mpaka giza likaingia.

Sasa juzi tulikuwa tunatwanga pamoja. Akasema, «Ile kitu ilienda Baraka.»

Nikasema, «Ndiyo Mama, ilienda kule.»

Akatwanga. «Baraka iko na bantu bengi.»

Nikasema ndiyo, iko nabo bengi.

Akatwanga tena. «Andika, umuulize kama ilifika kwake.»

«Nimuulize nani, Mama?»

Akanitazama sawa ni mi nilipasua chungu chake. «Unamujua.»

Florentine, tangu uache bamasœur ba misioni, ukaolewa na Useni na ukaingia dini yake, Mama hakutaja jina yako mu hii nyumba. Hata juzi hakuitaja. Lakini alisema «kwake». Nimekaa na hiyo «kwake» mu moyo siku zote hizi.

Basi nakuuliza sawa nilivyotumwa: ile kitu ilifika kwako? Jibu, hata kama ni mustari moja. Barua umupe Fabien, shofere wa kamyo ya pamba.

Yaya yako anayekupenda,
Pulchérie


Baraka, 2 Septemba 1952

Yaya wangu mpendwa Pulchérie,

Barua yako nimeisoma, nikainusa, nikaibusu. Useni akaniuliza nabusu nini, nikamwambia moshi wa jikoni kwetu.

Mwambie Mama: ndiyo. Ilifika.

Mwambie ilitokea upande wa milima yenu, ikapita juu ya michikichi, ikapita juu ya msikiti, ikaelekea rasi ya Ubwari. Chini yake maji yaligeuka mekundu. Wavuvi wa Useni walikuwa wanawasha taa zao za kuvulia ndagala, na mmoja akaizima yake kwa aibu, akasema haina kazi tena. Mwambie haikuwa na sauti, kama alivyoona yeye. Mwambie ilikwenda taratibu.

Hapa nasi kila mtu ana neno lake. Mwalimu wa chuo cha Kurani anasema Mungu ana viumbe vingi na si vyote alivyotuonyesha. Mama mmoja anayeuza mawese anasema ni gari jipya la wazungu, na kodi itapanda. Mama mkwe wangu anasema ni dunia inazeeka, inaanza kuona mambo.

Yaya, Mama aliogopa? Bado anaumwa goti? Anatwanga mwenyewe wakati wewe upo? Niandikie kila kitu, hata vitu vya bure. Niambie alikula nini siku uliyoandika.

Siandiki mrefu. Siku hizi nachoka upesi, nakaa ndani sana. Si ugonjwa, msiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Florentine, ambaye hapa wanamwita Mwanahamisi


Fizi, 21 Septemba 1952

Mudogo wangu,

Kwanza nicheke kidogo. Kiswahili yako imekuwa ya kiungwana! «Viumbe vingi na si vyote alivyotuonyesha.» Nilisomea Mama kwa sauti, akauliza, «Ni yeye anasema vile ao ni bwana yake?» Nikasema ni yeye. Akasema, «Anasema muzuri.» Alikula sombe ya majani ya muhogo na samaki ya kukauka, kwa kuwa umeuliza. Goti linauma asubuhi tu.

Ile barua nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ule mustari wa muvuvi kuzima taa unamufurahisha Mama sana. Bantu banakuja kumusikiliza, na anabaambia, «Mi niliiona huku, na ku Baraka iko muntu aliiona vile vile.» Muntu, anasema. Bado hajasema nani.

Sasa sikia mambo mengine, na haya si ya kucheka.

Placide alileta gazeti kutoka bureau. Imeandikwa kwamba ku Katanga, juu ya migodi, bazungu benyewe baliona bitu vya muviringo vinaruka, na banaviita sahani. Tangu siku ile, Fizi yote inasema sahani. Batoto banarusha vifuniko vya sufuria mpaka bamama banavificha. Mukristo moja ameita mbuzi yake Sahani. Yote hiyo ilikuwa muchezo, mpaka Anatole, yule fundi wa paa kule juu, akasimama sokoni na kusema kitu imekuja kutuambia tuache mashamba ya pamba, mwaka huu tusivune. Basoda ba serikali balimuchukua. Hatujue iko wapi.

Kisha Bwana Ajenti, muzungu mukubwa wa bureau, akaanza kuita bantu, moja moja: uliona nini? Florentine, Fizi nzima ilikuwa inje ile jioni, lakini ukisikia bamejibu nini, utasema mji ulikuwa na bipofu tupu. Katekista alisema alipiga kengele juu ya sala. Jirani alisema alikuwa amelala. Hata Placide, nasema na haya, alisema habari ya viatu.

Mama aliitwa naye. Alisimama mbele ya meza akasema, «Niliiona.»

Bwana Ajenti akauliza, «Nani mwingine?»

Na Mama akasema, Placide alisikia na masikio yake, ni yeye alikuwa anaandika: «Mutoto yangu ku Baraka. Florentine. Yeye hasemi uongo.»

Mutoto yangu. Mbele ya muzungu, mbele ya basoda mulangoni. Placide alikuja kunielezea, na sisi wawili tukalia.

Lakini sasa jina yako iko mu kitabu. Bwana Ajenti anataka kuja Baraka yeye mwenyewe akusikie, na anataka Mama akuwe pale, aone kama maneno yenu ni moja. Placide anaogopa kwamba maneno yenu yakipishana, Mama atafuata njia ya Anatole. Basi ukumbuke vizuri ulichoona, usiongeze, usipunguze.

Yaya yako,
Pulchérie


Baraka, 28 Septemba 1952

Yaya,

Zuia hiyo safari. Nakuomba kwa jina la Mungu wetu sote wawili. Mwambie Mama goti halitaweza kamyo. Mwambie Placide afute jina langu.

Sikuona kitu.

Ile jioni nilikuwa ndani, nimeshika mguu wa kitanda, nazaa. Nilisikia kelele nje, nikafikiri wananililia mimi. Mama mkwe alitaka kwenda dirishani kuchungulia, nikamshika nguo asiniache. Yote niliyokuandikia ni ya watu. Maji mekundu aliyasema Useni. Taa ilizimwa na mvuvi wake, Useni alinisimulia nikiwa nanyonyesha.

Ni msichana. Anaitwa Asha. Ana paji la uso la Mama, lile pana, na akikasirika anakunja midomo kama Mama akionja chumvi. Arobaini yetu imeisha sasa tu, ndiyo maana nilikuambia nakaa ndani.

Utauliza kwa nini nilificha. Unakumbuka yule wa kwanza, aliyekufa kabla hatujampa jina. Nilituma neno Fizi. Nilingoja Mama aje, nikangoja hata salamu. Wewe ulinitumia kitenge, sijasahau, lakini yeye kimya. Basi safari hii niliapa sitamtangaza mtoto mpaka nimuone anacheka. Kisha barua yako ikaja, na ndani yake Mama ananiuliza kitu. Baada ya miaka yote, swali moja. Nimjibu kwamba hapana, haikufika? Yaya, angeuliza kama nimeona tembo anaogelea, ningesema nimemwona na mtoto wake.

Na sasa amesema mbele ya watu kwamba sisemi uongo. Neno hilo linanichoma kuliko yote. Nikisema ukweli, Mama anabaki peke yake mbele ya Bwana Ajenti. Nikisema uongo, nitausema nikiwa namtazama machoni.

Niambie nifanye nini.

Mwanahamisi


Fizi, 5 Oktoba 1952

Mwanahamisi wangu,

Nimeandika jina yako ya huko ili ujue niko pamoja nawe.

Asha! Nilisoma nikiwa shambani, na nikakaa chini mu mahindi. Furaha na hofu vilikuja pamoja, sikujua nianze na gani.

Safari siwezi kuizuia. Placide alijaribu kuongea, Bwana Ajenti alimukatia neno. Banatoka Alhamisi. Mama nilimuambia habari ya goti. Akajibu goti ni yake. Amefua bitenge bibili, amekaanga karanga, na jana nilimukuta anajipaka mafuta ku miguu, na akaona haya sawa binti. Nilitaka kumuambia juu ya Asha. Mara nyingi nilifungua kinywa. Lakini niliwaza: akijua mutoto alizaliwa ile jioni, atajua hukuona kitu, na yeye hawezi kusema uongo mbele ya bureau, hata kwa kujiokoa.

Basi sikia shauri yangu, na kama ni mbaya unisamehe. Ile siku mupe mama mukwe yako mutoto, akae naye chumba cha nyuma. Sema kwa Bwana Ajenti yale uliyoandika, si zaidi. Aende zake. Halafu, kamyo ikisha kuondoka, umuoneshe Mama mujukuu wake, na mulie pamoja.

Nakuombea kwa Bikira Maria. Wewe omba na yako.

Pulchérie


Baraka, 12 Oktoba 1952

Yaya wangu,

Kaa chini kwanza. Mama yuko hapa nyuma yangu, mzima, anagombana na mama mkwe kuhusu maji ya kuogea. Kwa hiyo usiogope unaposoma.

Walifika jua likiwa kali. Placide alishuka wa kwanza, amevaa tai na vumbi. Bwana Ajenti akaketi kwenye kiti cha Useni, barazani. Mama aliteremka nyuma ya kamyo, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Sikuthubutu kumkimbilia. Naye aliutazama mlango wangu, hakunitazama mimi. Wavuvi wa Useni, wote walioiona ile kitu, walikuwa wameingia ziwani mchana ule ule, wakisema samaki wanawaita.

Nilifanya ulivyonishauri. Asha alikuwa nyuma na mama mkwe.

Bwana Ajenti akaniuliza, «Wewe ni Florentine?»

«Ndiyo, Bwana. Na Mwanahamisi.»

«Ile jioni uliona nini?»

Nikaanza. «Ilitokea upande wa milima...» Na pale pale Asha akalia.

Unajua mwili, Yaya, hauna siri. Maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha kanga yangu mbele ya wanaume wote. Placide akatazama viatu vyake. Mama akatazama kanga.

«Bwana, ngoja,» akasema. Siyo mtu aliyenipita pale, nakuapia, ni upepo. Aliingia katika nyumba ambayo alisema hataikanyaga. Kilio kikanyamaza. Sikusikia kingine. Nilisimama pale mikono imefunika kifua.

Akatoka na Asha begani, ameshamfunika na kitenge chake cha safari, vumbi na yote.

«Huyu alizaliwa siku gani?»

«Ile siku, Mama. Ile jioni yenyewe. Watu walikuwa wanapiga kelele nje, nami napiga zangu ndani. Sikuona kitu. Nilikudanganya.»

«Juu ya nini?»

«Kwa sababu uliniuliza.»

Midomo yake ilikunjika. Nilifikiri ni hasira. Akageuka kwa Bwana Ajenti. «Andika. Mutoto yangu hakuona kitu. Alikuwa anazala mujukuu wangu.» Kisha kwangu, polepole: «Jina yake nani?»

«Asha.»

«Andika Asha.»

Placide akasema, «Mama, sasa hauna muntu wa kukushuhudia.»

«Niko na macho yangu. Kama ni kunifunga, banifunge. Lakini si leo. Leo niko na kazi, huyu mutoto bamemufunga vibaya.» (Mama mkwe alisikia hilo. Ugomvi wa sasa ulianzia pale.)

Bwana Ajenti alivua kofia. Ni kijana, Yaya, ukimwona karibu. Alilitazama ziwa, halafu akasema kwa Kiswahili, wala si kwa ukali: «Mimi pia niliiona, Mama. Nilikuwa barazani kwangu, nakula supu. Niliandikia wakubwa wangu. Walinijibu nipunguze kinywaji.» Akajaribu kucheka. «Fizi nzima imeniambia ilikuwa imelala. Nilitaka mtu mmoja tu aseme aliona nilichoona.»

Mama akamkodolea macho. «Ungesema hivyo kule kule! Sisi tuliogopa wewe, wewe unaogopa wakubwa wako.» Kisha hakumwachia nafasi. «Na Anatole? Yeye aliona sawa wewe. Iko wapi?»

Bwana Ajenti alirudisha kofia kichwani. Alimwambia Placide afunge kitabu. Alipokuwa anapanda kamyo ndipo akasema, «Nitaangalia habari yake.» Mama akasema, «Angalia.»

Kamyo ikaondoka bila Mama. Hakuna aliyemwambia apande, na yeye hakuuliza.

Baadaye tukawa wawili tu, mimi nanyonyesha, yeye ameketi mkekani. Akasema, «Ile habari ya mutoto wa kwanza ilinifikia. Nilifunga mizigo. Nilifika mpaka kwenye kona ya barabara, nikarudi. Sijue nilikuwa nashindana na nani.» Nikamwambia basi, Mama. Akashika mguu wangu, akaukanda, kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo tukirudi shambani.

Usijilaumu kwa shauri lako. Uliogopa kwa ajili yetu.

Mdogo wako,
Mwanahamisi


Baraka, 9 Novemba 1952

Pulchérie mutoto yangu,

Ni mi Mama yako nasema, mudogo yako anaandika. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Unitumie sweta yangu ya mvua na ule mwiko mukubwa. Miiko ya hapa iko sawa ya kulishia ndege. (Mama mkwe anasikia tena. Mwanahamisi.) Mihogo yangu ichimbwe, isioze. Placide asisahau kufunga kuku jioni. Nitarudi mutoto akisha kukaa mwenyewe. Akisha kukaa, tutaona habari ya kutambaa.

Useni iko muntu muzuri. Anaamka mapema sana kwa sala, lakini anaamka pole pole, haamshi mutoto. Jumapili ananipeleka na mutumbwi mpaka kwa kanisa, ananingojea inje chini ya kivuli.

Nimesikia kwa Fabien kwamba Anatole amerudi kwake, amekonda, na hataki tena kutazama juu, hata paa hataki kupanda. Umupelekee unga na hii ndagala ninayotuma. Ukae naye kidogo. Usimuulize kitu.

Nakubariki, na Placide, hata kama alikuwa anatafuta viatu.

Mama yako, Marthe

Yaya, sasa ni mimi. Mama ameingia ndani kumlaza Asha, basi nakuibia nafasi hii ya chini.

Habari imeenea mpaka Nundu kwamba kuna mama wa Fizi aliyesimama mbele ya Bwana Ajenti kwa ajili ya ile sahani. Jioni watu wanakuja hapa barazani, Wakristo na Waislamu, wanakaa wanamsikiliza. Wavuvi nao wamepata macho tena, kila mmoja aliiona kuliko mwenzake. Lakini simulizi ya Mama imegeuka, sijui kama mwenyewe anajua. Haianzi tena na muhogo wala na milima. Inaanza na uchungu wangu. Anaeleza nilivyoshika kitanda, nilivyomwita yeye, (na ni kweli nilimwita, ingawa sikuwahi kumwambia), anaeleza Asha alivyotoka ameshikilia ngumi, kana kwamba alikuwepo ameushika mgongo wangu. Ile kitu inapita mwishoni, haraka haraka, juu ya paa.

Jana jirani mmoja, aliyetoka mbali kwa ajili hiyo tu, akachoka kusubiri. «Sasa sahani, Mama, ilienda wapi?»

Mama akamhamisha Asha kwenye bega la pili, akampigapiga mgongo.

«Ilipita,» akasema. «Museme pole pole, mutoto anataka kulala.»

Mwanahamisi